Kurekodi gemu kwenye kompyuta: historia yake, na fainali iliyopotea Ukunda



Najua nimekuwa kimya. Kazi za watu zilinibana (mteja akikuambia "ni kitu kidogo tu," jua utakesha). Leo nimerudi na mada iliyoanza kama swali la mstari mmoja. Kijana wa Msambweni, aliyemaliza kidato cha nne, aliniandikia hivi: "Kaka, nataka kurekodi gemu kwenye kompyuta niweke YouTube. Nitumie programu gani? Mashine yangu si kali."

Ningeweza kumjibu kwa neno moja na mambo yakaisha. Nililiandika neno hilo, nikalifuta. Mimi mwenyewe nilikuwa na programu hiyohiyo, ya bure, nzuri, na bado nilipoteza rekodi ambayo kuna mtu ananidai mpaka leo. Programu haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba sikujua programu hizi zilitoka wapi, na kila moja ilitengenezwa imkinge nani na tatizo gani. Kwa hiyo leo ni historia. Kaa kitako, vuta kikombe cha chai na mahamri.

(Mwalimu wangu wa Kiswahili alitaka tuandike "tarakilishi". Mwalimu, nisamehe, huku mtaani ni kompyuta.)

Tuanze mwaka 1993. Tarehe 10 Desemba kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa gemu ya Doom. Wengi wanaikumbuka kwa bunduki na mashetani wake. Sisi waandishi wa programu tunaisifu kwa jambo jingine pia: ilikuja na uwezo wa kurekodi mchezo ndani yake yenyewe, kwenye mashine ambazo hazikuwa na ubavu wa kurekodi video yoyote ya maana.

Waliwezaje? Hawakurekodi picha. Doom huendesha ulimwengu wake kwa mapigo 35 kila sekunde, na katika kila pigo mchezaji ana mambo machache tu anayoweza kufanya: kwenda mbele au nyuma, kusogea kando, kugeuka, na kubonyeza kitufe cha kufyatua au kufungua mlango. Mambo hayo manne yanaenea kwenye baiti nne. Piga hesabu mwenyewe: baiti 4 mara 35 ni baiti 140 kwa sekunde, yaani baiti 8,400 kwa dakika. Flopi moja ya MB 1.44 (mnazikumbuka?) ingebeba karibu saa tatu za mchezo.

Ukitaka kuitazama rekodi, gemu inafunguka, inasoma vile vitufe kimoja baada ya kingine, na kucheza upya kila kitu kana kwamba yule mchezaji amekaa palepale. Hata bahati ya Doom haikuwa bahati. Namba zake za kubahatisha zilitoka kwenye orodha isiyobadilika ya namba 256, kwa hiyo risasi iliyokosa jana itakosa na leo. Ni sawa na kumtumia mtu maelezo ya kupika pilau badala ya kumpelekea sahani ya pilau. Maelezo ni mepesi, yanaenea kwenye karatasi. Ila anayepokea lazima awe na sufuria ileile na mchele uleule. Kama toleo lake la Doom lilitofautiana na lako, rekodi ingeweza kuanza vizuri kisha ikapotoka: unamwona mchezaji anakimbilia ukuta, anafyatulia hewa, anakufa mahali ambapo kwa hakika alishinda. Nimewahi kuitazama rekodi ya namna hiyo nikacheka mpaka machozi.

Quake, iliyotoka mwaka 1996 kwa kampuni ileile, ilibadilisha njia kidogo. Ilihifadhi taarifa ambazo seva ilimtumia mchezaji: nani yuko wapi, anaelekea wapi, nini kimelipuka. Oktoba ya mwaka huohuo kikundi kilichojiita United Ranger Films kikazitumia rekodi hizo kutengeneza filamu fupi, Diary of a Camper. Mwaka 1997 wengine wakaonyesha Quake nzima ikimalizwa kwa dakika 19 na sekunde 49. Watu walizipakua rekodi hizi kwa modemu za simu, kwa sababu zilikuwa ndogo. Nawaonea wivu, sisi tuliokuja kukaa miaka mingi tukihesabu kila MB ya bando.

Kasoro ni moja: asiye na gemu haoni kitu. Bibi yangu hana Quake. Nikitaka bibi aone, lazima nirekodi picha zenyewe, na hapo ndipo hesabu inapotisha.

Picha moja ya upana wa nukta 1280 na urefu wa nukta 720 ina nukta 921,600. Kila nukta inachukua baiti tatu za rangi. Kwa picha 30 kila sekunde, hiyo ni takriban MB 83 kwa sekunde, karibu GB 5 kwa dakika. Mechi ya mpira ya dakika 15 ingekula GB 75. Lazima picha zibanwe, na kubana ni kazi. Sasa kazi hiyo aifanye nani? Ukiacha picha bila kuzibana sana, diski ndiyo inayoumia. Ukizibana sana, anayeumia ni prosesa, na prosesa huyo huyo ndiye anayeendesha gemu. Programu zote nitakazozitaja kuanzia hapa zimetofautiana kwenye jambo hilo kuliko jingine lolote.

Jibu la kwanza lililojulikana dunia nzima lilitoka Australia. Mwaka 1999 kampuni ya Beepa ilitoa Fraps. Jina limetokana na "fremu kwa sekunde" kwa Kiingereza, na mwanzoni kazi yake ilikuwa hiyo tu: namba ya njano kwenye pembe ya skrini inayokuonyesha gemu inatoa fremu ngapi kila sekunde. Kurekodi kuliongezwa baadaye. Wakati ule programu za kurekodi skrini, kama CamStudio, zilikuwa zinalipiga picha eneo la kazi la Windows. Ukifungua gemu inayojaza skrini nzima, mara nyingi uliambulia video nyeusi tii, kwa sababu gemu ilikuwa inaongea na kadi ya michoro moja kwa moja na Windows wenyewe hawajui kinachochorwa. Fraps ilijipenyeza katikati. Gemu ikimaliza kuchora fremu na kuiambia DirectX au OpenGL "onyesha," Fraps inaichota hapohapo, inaibana kidogo, na kuitupa kwenye diski.

Kidogo tu. Walichagua kumwonea diski ili prosesa apumue. Faili zao za AVI zilikuwa kubwa za kutisha na zilizoeleka kukatwa vipande vya GB 4. Mwenye diski kubwa na ya pili ya ziada aliifurahia sana Fraps.

Mimi nilikutana nayo kwenye saiba moja ya Ukunda nikiwa shule ya msingi. Mashine ilikuwa na GTA Vice City, na mtu mmoja mkarimu alikuwa ameweka Fraps ya bure. Ya bure ilikuruhusu kurekodi sekunde 30 tu, na juu ya video inaandika anwani ya tovuti yao. Sekunde 30 zinatosha kuiba gari, kuparamia ukuta na kuanza kukimbizwa na polisi, kisha video inakatika. Nilirekodi sekunde 30 zangu labda mara ishirini. Siku ya pili mwenye saiba akagundua diski yake imejaa, akanitafuta mimi kwanza. Sikuwahi kuzitazama zile video tena.

Na hata ningezitoa pale, ningezipeleka wapi? YouTube ilianza mwaka 2005, na kuanzia 2006 mtumiaji wa kawaida aliwekewa kikomo cha dakika 10. Kwetu kikomo hicho kilikuwa anasa tu, nani angepandisha dakika 10 kwa intaneti ya setilaiti? Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009: TEAMS mwezi Juni, na SEACOM ikawashwa Julai. Mombasa ni ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni kutoka kwetu, lakini kati ya waya kutua ng'ambo na bei kushuka kwenye saiba ya Ukunda ilipita miaka.

Kuna jambo hapa linaniuma kidogo. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D ya kompyuta. Gemu ya zamani haidumu yenyewe: Windows inabadilika, mashine zinakufa, siku moja haifunguki tena. Kinachobaki ni video ya mtu aliyewahi kuicheza na kurekodi. Sasa fikiria mwaka 2007, hapa kwetu, nani alikuwa na GB za kuchezea ili arekodi gemu ya Mkenya mwenzake? Mtoto wa Marekani alikuwa nazo, naye alirekodi alichokuwa anacheza yeye.

Tuendelee. Kilichobadilisha mambo ni hesabu nzuri zaidi za kubana. Kiwango cha H.264 kilitangazwa mwaka 2003, na muda mfupi baadaye ikaja x264, programu huria ya kubana kwa kiwango hicho. Wazo lake ukilieleza kwa maneno ni rahisi. Badala ya kuhifadhi kila fremu nzima, unahifadhi fremu moja kamili, kisha kwa muda unaandika tofauti tu: uwanja umebaki palepale, mchezaji kasogea kushoto, mpira umeruka. Zile GB 5 za dakika moja zinashuka hadi makumi machache ya MB. Bei yake ni kwamba mtu lazima azitafute hizo tofauti, fremu 30 kila sekunde bila kuchelewa, na prosesa za wakati ule zilihema.

Halafu watengenezaji wa chipu wakaingilia. Mwaka 2011 Intel ilitoa kizazi cha pili cha prosesa zake za Core, kikiwa na sehemu maalumu ya kubana video iitwayo Quick Sync. Mwaka 2012 Nvidia ikaweka kitu kama hicho, NVENC, kwenye kadi zake za michoro, na Oktoba 2013 ikatoa ShadowPlay juu yake. ShadowPlay ilikuwa na ujanja ninaoupenda: inarekodi muda wote kimyakimya na kuhifadhi dakika za mwisho tu. Ukifunga bao zuri unabonyeza kitufe, na bao lililokwisha kupita linahifadhiwa. Wakati huo Fraps ilikuwa imetoa toleo lake la mwisho, Februari 2013. Windows 10 ilipokuja Julai 2015 ilikuwa na kirekodi chake chenyewe, bonyeza kitufe cha Windows na G. Ghafla kazi iliyokuwa ya kununua programu ikawa kitu kilichomo tayari.

Na katikati ya yote hayo, mwaka 2012, Hugh Bailey, anayejulikana zaidi kama Jim, alitoa Open Broadcaster Software, ambayo sote tunaiita OBS. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL, na baadaye iliandikwa upya ikawa OBS Studio inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ilianza kwa ajili ya kurusha matangazo ya moja kwa moja, ndiyo maana mtu akiifungua mara ya kwanza anakuta "mandhari" na "vyanzo" na kuchanganyikiwa. Vumilia. Inaweza kubana kwa x264, kwa Quick Sync, kwa NVENC au kwa chipu za AMD, chochote mashine yako ilicho nacho. Mwenye mashine ya bei ghali na mwenye mashine ya mtumba wanatumia programu ileile.

Hilo ndilo neno moja nililotaka kumjibu yule kijana. OBS. Sasa nieleze kwa nini nililifuta.

Mei 2019, Ramadhani. Kuna banda la gemu Ukunda, si mbali na steji ya matatu, ambapo baada ya tarawehe vijana walikuwa wanajaa mpaka nje. Mwenye banda alikuwa na kompyuta ya mezani ya Ex-UK, HP Compaq 8200, yenye Core i5 ya kizazi cha pili na kadi ndogo ya michoro ya mtumba, imeunganishwa kwenye TV, padi mbili, PES 2017. Tukaandaa mashindano. Washiriki walitoka Diani, Kinondo, Gazi, wengine Msambweni. Mwaka mmoja kabla, Sylvia Gathoni, ambaye wachezaji wanamfahamu kama Queen Arrow, alikuwa amesajiliwa na timu ya UYU ya Marekani kama mchezaji wa Tekken, na habari hiyo vijana wetu walikuwa wameishika. Waliniambia wazi: timu ya nje haiwezi kuja Ukunda kututazama, video ndiyo itakayotufikisha. Mimi ndiye mtu wa kompyuta. Rekodi ikawa jukumu langu.

Nilijiandaa, msidhani nilizembea. Niliweka OBS. Nikachagua Quick Sync ili prosesa asilemewe. Ukubwa 1280 kwa 720, fremu 30, kilobiti 2,500 kwa sekunde, ambayo ni kama GB 1.1 kwa saa. Nikajaribu mchana, video ikatoka safi. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kuchagua, aina ya faili. OBS ilikuwa inapendelea aina nyingine. Nikachagua MP4, kwa sababu MP4 inafunguka kwenye simu yoyote, na vijana walitaka kutumiana WhatsApp usiku uleule. Ukichagua MP4, OBS inakuonya kwa maandishi kwamba umeme ukikatika faili haitasomeka. Onyo nililiona. Nililisoma. Nikasema hilo ni la watu waangalifu kupita kiasi.

Fainali ilikuwa kati ya kijana wa Gazi na bingwa wa mwaka uliopita kutoka Msambweni. Wa Gazi alifungwa bao la mapema. Dakika ya 83 akasawazisha. Dakika ya 89 akafunga la pili, mpira wa kona, kichwa, na banda zima likainuka. Kipenga cha mwisho kikalia watu wamembeba juu. Nje mvua ya masika ilikuwa inanyesha. Nilikuwa natabasamu, mkono wangu uko hatua mbili kutoka kwenye kipanya, nakwenda kubonyeza kitufe cha kusimamisha rekodi.

Umeme ukakatika.

Ulirudi karibu na daku. Faili ilikuwepo, GB tatu kasoro, ina jina lake na tarehe yake. Nikaibonyeza, ikakataa. VLC nayo, ile koni tunayoiamini kuliko daktari, ikakataa.

Kwa nini? Hapa historia inarudi, na safari hii ni ya masanduku. AVI, MP4 na MKV si aina za picha, ni masanduku ya kuwekea picha na sauti zilizobanwa. AVI ilitolewa na Microsoft mwaka 1992. MP4 imetokana na sanduku la QuickTime la Apple, la mwaka 1991. Kila sanduku linahitaji faharasa inayosema fremu fulani iko wapi, ina ukubwa gani, inakwenda na sauti ipi. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, rekodi ikisimamishwa, kwa sababu kabla ya hapo haijajulikana rekodi itakuwa na fremu ngapi. Kwa mtengenezaji wa filamu anayehifadhi kazi iliyokamilika hakuna ubaya wowote. Kwangu mimi, zile GB tatu zilikuwa kama kitabu kilichochanwa kurasa zote, kikatupwa sakafuni bila namba za kurasa. Fremu zote zimo. Hakuna anayejua ipi inaanzia wapi.

AVI ya kizamani nayo huandika faharasa mwishoni, lakini kila kipande chake kina lebo ndogo mbele inayotaja aina yake na ukubwa wake, kwa hiyo VLC inaweza kupitia kipande kwa kipande na kuitengeneza faharasa upya. Maana yake ile Fraps niliyoicheka ingeniokoa.

MKV ilianza Desemba 2002, na jina lake kamili, Matroska, linatokana na yule mwanasesere wa Kirusi mwenye mwanasesere mwingine ndani. Yenyewe hupanga rekodi katika mafungu, na kila fungu lina maelezo yake na saa yake. Umeme ukikatika unapoteza fungu lililokuwa linaandikwa, sekunde chache. Mengine yote yanafunguka. Ndiyo aina ambayo watu wa OBS walikuwa wananisukumia, na mimi nikaikataa kwa ajili ya WhatsApp. Hata hiyo WhatsApp haikuwa sababu, maana ndani ya OBS, kwenye menyu ya Faili, kuna sehemu ya kuihamisha rekodi kutoka sanduku la MKV kwenda la MP4. Haibani upya chochote, inahamisha tu, na saa nzima ya video haimalizi dakika.

Basi ndugu yangu wa Msambweni, jibu lako ni hili. Chukua OBS, tena kwenye tovuti yao yenyewe, maana visakinishi vya kuokoteza huja na wageni. Kama prosesa yako ni Intel ya kizazi cha pili kuendelea, na toleo la OBS ulilopakua linaitambua, chagua Quick Sync. Kama haionekani kwenye orodha, tumia x264 kwenye mpangilio wa kasi, ushuke hadi fremu 30 na ukubwa wa 720, na usione aibu. Kirekodi cha Windows na ShadowPlay ni vyepesi kutumia, na kama unataka dakika moja ya bao vinakufaa kabisa, ila vyote viwili huandika MP4 na havikupi nafasi ya kuchagua MKV. OBS kuanzia toleo la 30.2 la mwaka 2024 wameongeza MP4 ya mseto, inayoandikwa kwa mafungu kama MKV na kufungwa kuwa MP4 ya kawaida mwishoni. Nimeichomolea umeme makusudi mara tatu nikiwa nyumbani (mke wangu alidhani nimerukwa na akili) na mara zote tatu faili ilifunguka. Mashine yako ikibeba toleo hilo, itumie. Isipobeba, weka MKV. Mengine yote kwenye mipangilio unaweza kuyakosea ukayarekebisha kesho.

Kijana wa Gazi aliondoka mwaka uliofuata, yuko Qatar kwa kazi za ulinzi. Kila Ramadhani ananitumia ujumbe uleule: "Kaka, ile video?" Faili ninayo, nimeihamisha diski tatu tangu wakati ule. Mwaka jana nikajaribu untrunc, zana huria inayoangalia faili nzima iliyorekodiwa kwenye mashine ileile na mipangilio ileile, ikajifunza mpangilio wake, kisha ikajaribu kuzipanga upya kurasa za ile iliyokatika. Ile video ya majaribio ya mchana, bahati nzuri, sikuwa nimeifuta. Zana ilifanya kazi usiku mzima. Nusu fainali zote mbili zikatoka, sauti imepishana kidogo na picha. Fainali ikaanza vizuri, ikaenda mpaka dakika ya 60 hivi, kisha picha ikageuka kijani, ikaganda.

Nilikata kipande kilichopona nikamtumia Qatar. Baada ya saa moja akanijibu kwa sauti, nyuma yake nasikia feni.

"Kaka, hapa bado nimefungwa."